Mwezi Usioandama Tena: Lugha Yetu na Mwanamke Anayekoma Hedhi

Msichana wa Pwani anapopata damu yake ya kwanza, lugha humlaki kwa mikono miwili. Jana alikuwa kigori, leo amevunja ungo, na tangu saa hiyo anaitwa mwali. Ana somo wake, ana ngoma ya kuchezwa, ana siku za kuwekwa ndani na siku ya kutolewa. Kila hatua ina jina, na kila jina lina wenyewe wanaolijua. Miaka thelathini na mitano hivi baadaye, damu ile ile inapokatika, lugha humpa kitenzi kimoja tu: amekoma. Hapo hana somo, hana ngoma, wala hapewi jina jipya la kuitwa.

Ninaandika haya nikiwa na umri wa miaka 47, mkazi wa Kibaha ambaye upande wa mama ni mtu wa Kisarawe. Kwa muda sasa nimekuwa nikiyaokota maneno ambayo wanawake wa rika langu huyatumia wanapozungumzia mambo haya, sokoni, misibani, kwenye vikoba, na barazani kwa shangazi zangu. Sikuyaokota kama mtafiti. Sina dodoso wala takwimu. Niliyaokota kwa tamaa ya mtu apendaye lugha, na pia kwa haja, maana na mimi nimeanza kuzihesabu siku zangu na kuona hesabu haitimii.

Kwa Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe na wa sehemu kubwa ya viunga vya Dar es Salaam, mambo ya mwali ni elimu kamili. Kuna mti wa mkole ambao chini yake mwali hufundwa. Kuna mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti ambacho mwali hukabidhiwa akitunze akiwa ndani. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyekaa na Wazaramo wa pwani miaka ya 1960 na kuchapisha kazi yake mwaka 1970, aliona kwamba alama hizi hazikuwa mapambo. Ndizo zilizobeba fikra nzima ya jamii kuhusu uzazi, damu na ukoo. Nilimuuliza bibi mmoja wa Kisarawe, ambaye amewafunda mabinti wengi, kama kuna mafunzo yoyote ya mwanamke anayeacha kuona siku zake.

"Shikamoo, bibi. Na yule anayeacha, mnamfunda nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Anayeacha? Huyo si ndiye anayefunda wenzake. Nani atamfunda?"

Alicheka, nami nikacheka. Lakini jibu lake limenikaa moyoni, kwa kuwa lina pande mbili. Upande mmoja ni heshima kubwa. Mwanamke aliyekwisha kuacha kuingia mwezini ndiye mwenye mamlaka ya ngoma. Ameyapita yote, hakuna la kumtia haya, neno lake linasikika. Aliyepata kumwona Bi Kidude jukwaani, Fatuma binti Baraka wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013, akipiga ngoma ya unyago katika ukongwe wake, anaijua nguvu ninayoizungumzia. Upande wa pili ni kwamba anayehesabiwa kuwa anajua kila kitu hawezi tena kuuliza. Ameketishwa kwenye kiti cha mwalimu siku ile ile mwili wake ulipoanza somo jipya.

Wanawake wanasemaje, basi? Wengi hawasemi "kukoma hedhi" kabisa. Husema "sizioni tena siku zangu", au "damu imekata", au "nimeacha kwenda mwezini". Wale wa mjini Kibaha, hasa wenye kazi za ofisini, husema "menopozi", na aghalabu hulitamka kwa sauti ya chini kidogo kuliko maneno mengine ya sentensi. Katika yote hayo, "sizioni" ndilo linalonipendeza. Kiswahili kinasema mwanamke huona siku zake, kama tunavyouona mwezi unapoandama. Na mwezi ni neno letu moja kwa ule mwanga wa usiku angani, kwa siku thelathini, na kwa damu. Wagiriki nao waliifuata njia hiyo: neno "menopozi" limeundwa kutokana na maneno yao ya mwezi na kusita, na aliyelitunga ni tabibu Mfaransa, de Gardanne, mwanzoni mwa karne ya 19. Yeye alihitaji Kigiriki ili aseme jambo ambalo bibi zetu walilisema kwa lugha yao ya kila siku.

Istilahi ya hospitalini ni "kukoma hedhi" au "ukomo wa hedhi". Ni istilahi sahihi, na sitaki itupwe. Lakini sikilizeni jinsi inavyosikika katika sikio ambalo halijasoma istilahi. "Koma" kwetu ni amri ya kukaripia: mtoto mtundu huambiwa akome. "Utakoma" ni kitisho. Na "ukomo" umetenganishwa na "ukoma" kwa irabu moja tu. Mama mmoja muuza mihogo aliniambia kwamba aliposikia neno lile kwa mara ya kwanza, akiwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, alidhani mwenzake anaambiwa ana maradhi ya ukoma, akasogea pembeni. Tunaweza kulicheka jambo hili. Lakini yule mwenzake aliona mtu akimsogea pembeni, na hakujua sababu.

Watunzi wa mashairi wataniambia kwamba jirani mwingine wa neno hili ni "komaa". Embe hukomaa, fikra hukomaa, mtu akawa mkomavu. Nimewahi kusikia mzungumzaji kwenye semina akishauri tuache "kukoma" na kusema "kukomaa", ili kina mama wafarijike. Ni wazo tamu, na silikubali. Kwanza, tutamkosea binti wa miaka kumi na tano ambaye naye hukomaa. Pili, na hili ndilo kubwa, mwanamke anahitaji neno linalosema wazi kwamba kitu kimesimama, ili kikirudi ajue kwamba kuna jambo.

Nieleze kwa nini nalisema hili kwa ukali. Jirani yangu mmoja alikaa karibu miaka miwili bila kuona siku zake. Halafu damu ikaja. Alinishika mkono uani na kuniambia kwa furaha, "Mwezi umerudi, mwenzangu, bado nimo." Rafiki zake walimpongeza, na mmoja akasema kwa mzaha kwamba mumewe ajihadhari. Kitenzi "kurudi" kilimfanya aione damu ile kama mgeni mwema. Kitabibu hesabu ni nyepesi: mwanamke akitimiza miezi 12 mfululizo bila hedhi, bila sababu nyingine, huhesabiwa kuwa amekoma, na damu yoyote inayotoka baada ya hapo, hata tone, haiitwi hedhi tena, ni dalili ya kwenda kuchunguzwa. Mara nyingi chanzo si kikubwa. Lakini wakati mwingine ni saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa kizazi, na hii ya pili ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Jirani yangu alifika Taasisi ya Saratani Ocean Road baada ya miezi mingi ya kupongezwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Kiswahili cha Pwani kina neno ambalo lingemsaidia, na yeye alilijua. Katika darsa za wanawake za misikitini, Kibaha na Kisarawe kote, watoto wa kike hufundishwa tangu wadogo kutofautisha damu tatu: hedhi, damu ya mwezi, nifasi, damu ya baada ya kujifungua, na istihadha, damu inayotoka nje ya zile mbili. Wanajua hukumu ya kila moja katika sala na saumu. Wanajua pia kwamba mwanamke aliyekwisha kuacha hedhi akitalikiwa hukaa eda ya miezi mitatu, kwa kuwa hana tohara za kuhesabu. Hii ni elimu ya damu iliyo makini, tena inayozungumzwa bila haya, kwa kuwa ni mambo ya ibada. Lakini istihadha imebaki kwenye mkeka wa darsa. Muuguzi hailitaji, na anayefundisha darsa haongezi kwamba damu hiyo ikimtokea mwanamke wa miaka 54, pamoja na hukumu ya sala yake kuna safari ya hospitali. Neno moja tu lingeweza kuunganisha nyumba hizi mbili, na sisi tunaojiita wapenzi wa lugha hatujalibeba kutoka moja kwenda nyingine.

Nirudi kwenye joto. Wanawake wengi wanapokaribia ukomo, kati ya miaka 45 na 55 kwa kawaida, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila utaratibu kabla ya kupungua kabisa. Mwili hushindwa kupima joto lake vizuri. Moto huanza kifuani, ukapanda shingoni na usoni, jasho likamwagika, kisha baridi. Usiku hujirudia, usingizi ukakatika, na asubuhi mtu anaamka na hasira asiyoijua ilikotoka. Wizara na vipeperushi huita "joto la ghafla". Wanawake niliozungumza nao huita malaria. Au huita presha. Pwani ni mkoa wa malaria kweli, kwa hiyo simcheki anayekimbilia kipimo. Apime, ni busara. Lakini nimewajua watu waliopimwa mara tatu wakaambiwa hawana, na bado wakanunua dawa mseto, kwa sababu mwili unaowaka na kutoa jasho haukuwa na jina jingine vichwani mwao. Wengine husema ni majini. Shangazi yangu mmoja ana maelezo yake: damu isiyotoka chini hupanda kichwani. Si ujinga huo, ni sayansi ya mtu aliyeachwa atafute maelezo peke yake, na aliyeona kwamba mambo haya mawili huja kwa pamoja.

Kwa nini tusiite fukuto? Kila mtu wa Pwani analijua fukuto: lile joto zito la kabla ya mvua za masika, linalomfanya mtu avue kanga ya juu na kutafuta upepo barazani. Ni joto linalokuja na kuondoka. Halina aibu ndani yake wala halimwiti mtu mgonjwa. Nilipolitumia mbele ya kina mama wawili wa Mlandizi, mmoja alidakia mara moja: "Ee, fukuto la ndani!" Hakuhitaji tafsiri.

Jambo jingine linalochanganya ni sindano ya uzazi wa mpango. Wanawake wengi huitumia wakiwa na miaka 40 na kuendelea, na moja ya athari zake ni kusitisha hedhi. Mtu wa namna hiyo hana njia ya kujua kwa kutazama tu kama amekoma au amesitishwa. Wengine huacha sindano wakiamini wamemaliza, wakashika mimba wakiwa na miaka 46, tena kwa aibu mbele ya wakwe. Hapa Kiswahili kinatusaidia kama tukitaka: "kusita" si "kukoma". Sindano husitisha, umri hukomesha. Ningependa kila kliniki iliandike hilo ukutani kwa herufi kubwa.

Lakini mwanamke huyo ataliona wapi, ikiwa kliniki yenyewe haimwiti? Tazameni majina tuliyoyaandika milangoni. "Kliniki ya Mama na Mtoto". "Afya ya Uzazi". Asiye na mtoto wa kupima wala mimba ya kutunza, anaingilia mlango gani? Huduma za bure zimepangwa kwa wajawazito, kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na kwa wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya, ule unaotupa takwimu zetu nyingi za wanawake, huwahoji wenye miaka 15 hadi 49. Kwa hiyo mwanamke wa Kisarawe akifikisha miaka 50 hutoka kwenye hesabu, na hurudi akiwa na miaka 60 kwa jina la mzee. Ile miaka kumi ya katikati, ambayo ndiyo mifupa yake huanza kupoteza uzito kwa kasi na hatari ya maradhi ya moyo huongezeka, haina dirisha. Sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga uovu huu. Tuligawa mambo kwa majina yaliyokuwapo, na jina la mwanamke huyu halikuwapo.

Hapo ndipo nawageukia washairi wenzangu. Tumemwandika mwali mpaka wino ukakauka. Tumemwandika bibi harusi, mama mzazi, mama mlezi, mke mwenza, na bibi kizee anayesimulia ngano. Baina ya mama na bibi hatuna kitu. Ninyi mliozisoma diwani, nitajieni shairi ambalo msemaji wake ni mwanamke wa miaka 50 anayeamka usiku akiwa ameloa jasho, asijue amwamshe mumewe au atoke nje.

Mtu akinijibu kwamba mambo hayo si ya ushairi, nitamkumbusha Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Wengi wanauchukulia utendi wake kama mawaidha ya ndoa, wanasahau alikuwa na umri gani alipoutunga. Inasemwa alizaliwa karibu na mwaka 1810, na utendi ni wa mwaka 1858 hivi. Alikuwa mwanamke wa miaka 48 takriban, mjane na mgonjwa, akimwandikia binti yake. Wanaosimulia maisha yake husema maradhi yaliyomwua yalikuwa ya kutokwa damu ya kizazi. Kwa miaka zaidi ya mia na sitini tumebishana juu ya anavyomwelekeza binti amtii mume, na sikumbuki mjadala mmoja uliouliza mwili wa mwandishi mwenyewe ulikuwa katika hali gani aliposhika kalamu. Na Siti binti Saad, aliyezaliwa mwaka 1880, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake mwaka 1928. Hesabuni wenyewe. Sauti iliyolitoa taarabu la Kiswahili ikasikika ng'ambo ilikuwa ya mwanamke wa miaka 48, umri ambao majirani zangu huanza kujiita "mimi nimeshazeeka, niache".

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu, ni la sitara. Mambo ya wanawake yana mahali pake, wanasema, tusiyaanike. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Elimu ya mkole nayo ilikuwa na mahali pake na wakati wake, na ilifundishwa kwa nyimbo na mafumbo ambayo mpita njia asingeyaelewa. Lakini ilifundishwa. Sitara ni kusema mahali panapofaa. Ikiwa pamoja na kutosema hadharani hatusemi pia ndani, basi tunachokitunza si sitara. Na wanaume, ambao ndio wengi wanaoandika beti hapa kwetu, wasijione wamesamehewa. Mke akisema hamu imepungua, au kwamba anaumia kwa sababu ya ukavu, wengi hufikiri amechoshwa nao au ana mtu nje. Najua ndoa mbili za Kibaha zilizovunjika kwa jambo ambalo lina dawa na lina maelezo, na ambalo hakuna kati ya wale wanne aliyekuwa na neno la kulisemea.

Tusidhani pia kwamba wenzetu wana majina bora kuliko sisi. Kiarabu cha leo huuita umri huu "sinn al-ya's", umri wa kukata tamaa, na wapo Waarabu wanaopigana na jina hilo. Kijapani kina "konenki", ambalo sehemu yake ya kwanza ina maana ya kufanya upya, nalo hutaja kipindi kirefu cha mageuzi ya mwili badala ya siku moja ya kukatika damu. Margaret Lock, mwanaanthropolojia aliyechapisha kitabu mwaka 1993 baada ya kuwahoji wanawake wa Japani, alikuta kwamba waliolalamikia joto la ghafla walikuwa wachache kuliko wa Amerika Kaskazini, na kwamba wengi walitaja mabega kukakamaa na kuumwa kichwa. Chakula na maumbile huenda vina sehemu yao. Lakini mwenye lugha hawezi kuacha kuuliza: je, mtu huutambua kwanza ule uchungu ambao lugha yake imeupa jina?

Kwa hiyo siombi baraza lolote litutungie istilahi mpya. "Kukoma hedhi" libaki hospitalini, litamkwe kwa sauti ya kawaida, na wauguzi waliseme taratibu ili lisigeuke ukoma. "Istihadha" ivuke barabara kutoka msikitini hadi zahanati. "Fukuto" lipewe maana yake ya pili katika kamusi zetu. Juma lililopita, kwenye daladala ya kutoka Mlandizi, mama mmoja alitoa kichwa dirishani akijipepea kwa karatasi iliyokunjwa. Konda akamwuliza, "Mama, vipi, unaumwa?" Akamjibu bila kugeuka, "Fukuto tu, mwanangu. La umri." Abiria mwingine, wa makamo kama yeye, akamsogezea dirisha lake likafunguka zaidi.